Koki ya Chini

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa hita za gesi, zile zinazoning'inizwa darini kupuliza hewa ya moto ghalani. Siku zote yeye hupanda ngazi, shemeji yake akabaki chini kwenye koki ya gesi. Shemeji alikuwa na yake: akiifungua hufika nusu, akakohoa, ndipo amalizie. "Unaiomba ruhusa?" fundi humtania.

Shemeji walimzika Jumamosi. Jumatatu fundi akaenda kazini peke yake, mwili upo, moyo ganzi. Ghala halina dirisha, taa mbovu. Akapanda na tochi, hita inanguruma, akaita kwa mazoea tu: "Shemeji, funga!"

Koki ikalia kwii. Moto ukazimika.

"Ahsante," akasema, akafungua kifuniko, akaanza kusugua masizi.

Alikuwa karibu kumaliza, mkono uliposita. Akamulika chini. Hapakuwa na mtu, na mlango ulikuwa na komeo alilolitia mwenyewe. Woga haukuja, wala machozi. Akarudisha kifuniko, akakaza skrubu moja moja, midomo kaibana. Lililobaki lilikuwa kusema, "Fungua."

Hakusema.

Chini gizani koki ikalia kwii, ikasimama nusu. Mtu akakohoa. Kisha ikamalizia.