Mkwe Haingii Ghorofani

"Zima hiyo mashine, Kipkemei. Nimesema zima."

Msumeno ukanyamaza. Karakana nzima pale Kitale ikageuka kumtazama Edinah, viatu vimejaa matope ya Bungoma. Kipkemei akavua glavu taratibu, na huo utaratibu ukazidi kumuudhi.

"Ungenipigia kwanza, Edinah."

"Nikupigie niseme nini? Sakafu ya ghorofa ya nne imevimba. Mbao zako zimekunywa mvua mpaka zimesukuma bolti. Ni hosteli ile, Kipkemei. Watoto wa watu watalala hapo."

Hosteli ilikuwa ya Peris, mama yake Edinah, mjane asiyependa mambo mageni. Edinah ndiye aliyembembeleza akubali mtindo wa mchumba wake Kipkemei: nguzo na mihimili ya chuma, na sakafu za mbao nene zilizogundishwa tabaka kwa tabaka. Nyumba nyepesi, saruji kidogo, miti inayopandwa tena. Bungoma ilicheka, ati nani amewahi kuona ghorofa ya mbao. Edinah aligombana na kila aliyecheka. Sasa hakuwa na la kuwajibu.

"Mbao zilitoka hapa kavu," Kipkemei alisema. "Zilitaka kufunikwa tu mpaka paa lifike."

"Zifunikwe na nani? Tangu wazee wako walete posa hujakanyaga pale."

"Mama yako si analala hapo chini? Nipande juu ya kichwa cha mama mkwe? Si wewe mwenyewe ulinifundisha hiyo heshima?"

Hapo alisema kweli. Kwao Edinah, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani, na mkwe haingii anapolala mama mkwe. Peris naye alikuwa amehamia chumba cha chini cha jengo ili alinde vifaa vyake. Kwa hiyo tangu posa, maneno yote kati ya mwenye nyumba na mtu wa mbao yalipitia kwa Tonny, fundi mkuu wa vyuma. Huyo Tonny aliwahi kumtaka Edinah akakataliwa, akasema yameisha.

"Ungetuma mtu," Edinah alisema.

"Nilituma. Mama yako akakataa turubai. Ati mbao zangu zisifunikwe kama mgonjwa, na nisionekane hapo."

"Usimsingizie mama yangu."

"Simsingizii."

"Unamharibia nyumba halafu unamtupia lawama? Hakuna harusi. Waambie wazee wako wabaki kwao."

Hakulia njiani. Hasira ilikuwa imejaa mpaka machozi yakakosa nafasi. Karibu na Bungoma simu ikaingiza ujumbe wa Kipkemei: "Kabla uniite muongo, uliza mama kwa nini alikataa turubai."

Alimkuta Peris akichambua kunde mlangoni.

"Turubai gani?" mama aliuliza. "Yeye ndiye alisema mbao zinyeshewe ndio zikomae. Nilipouliza tena, akanijibu mimi ni mwanamke wa kijiji, sijui mbao."

"Alikuambia yeye?"

"Tonny ndiye aliniambia. Mimi na mkwe tutaongelea wapi?"

Edinah alipiga simu Kitale pale pale.

"Kuja Bungoma kesho asubuhi," alimwambia Kipkemei. "Uingie na upande mpaka juu."

"Na mama yako?"

"Atakuwa hapo."

Peris aliacha kunde. "Unataka kunivua nguo, mwanangu. Watu wa kwetu Bumula watasema nini?"

"Si nimesema hakuna harusi? Basi hakuna mkwe. Hapo ni fundi na mwenye nyumba."

Asubuhi walisimama ghorofa ya nne. Peris alikuwa amewapa mgongo, leso imefunika kichwa. Kipkemei alitazama vidole vya miguu yake. Katikati yao alikaa Tonny.

"Muongee kupitia kwangu bana," alisema. "Tuheshimu mila."

"Nyamaza," Edinah alimkata. "Kipkemei, nani alikuambia mama amekataa turubai?"

"Tonny."

"Mama, nani alikuambia mbao zinyeshewe?"

Peris alishusha leso mabegani, akageuka, akamtazama mkwe wake machoni. Mafundi wote wakasimamisha kazi.

"Kijana, wewe uliniita mwanamke wa kijiji?"

"Hapana, mama. Nilituma turubai kwa lori. Nikaambiwa umezikataa."

"Tonny, turubai ziko wapi?"

Tonny alicheka, akajikuta anacheka peke yake. "Nilizificha tu. Sikutaka mtu aumie. Nilijua mbao zitavimba tu, tuzing'oe, tumwage zege. Huyu angeonekana vile alivyo, na Edinah angefungua macho."

"Nifungue macho nione nani?" Edinah aliuliza. "Wewe?"

"Shuka," Peris alisema. "Ukifika chini, usisimame hata kuaga."

Hatua zake zilipopotea, Edinah alimgeukia Kipkemei, hasira bado ya moto.

"Na wewe. Unaambiwa mama yangu anakutukana, unakaa na hiyo maneno tumboni. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nimchongee mama yako kwako? Na wewe ulikuja Kitale umeshanihukumu. Hukuniuliza hata moja."

Kipkemei akapiga magoti, akagonga sakafu mahali mahali kwa kifundo cha kidole.

"Mabamba mawili ya mbao nitayatoa," alisema. "Mengine tutalegeza bolti, tuyafunike, yakauke polepole. Chuma hakina kosa."

Alikuwa anasema na Peris, bila kujua ameanza kuzoea. Peris hakurudisha leso kichwani.

"Wazee watanidai mbuzi wa kuondoa hii aibu, nami nitatoa," alisema. "Lakini waniambie wenyewe ni aibu gani kubwa: mimi kuongea na mkwe wangu, ama kuzika watoto wa watu kwa sababu ya adabu. Sijawauliza nyinyi wawili kama bado mnaoana. Nimesema mkwe wangu."

Akashuka ngazi.

"Umesikia?" Kipkemei aliuliza.

"Nimesikia. Harusi ipo," Edinah alisema. "Lakini nimekukasirikia bado."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nichoke. Na mambo ya mama yangu, kuanzia leo, utaniuliza mimi."

"Na yangu?"

"Nitakuuliza wewe."