Suruali Isiyosema Uongo

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapata nguvu, Sindano alipiga pasi nguo za nyumba nzima. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa kuwa tangu akiwa na miaka sita alijua kupitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kuulamba. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana. Palikuwa na meza ya kukatia, kopo la vifungo, na vipande vya vitambaa vilivyojaa hadi chini ya kochi.

Baba yake alikuwa fundi bomba. Mwezi uliopita aliitwa kuziba bomba lililokuwa likivuja darini katika nyumba ya wageni. Kichwa kilipita kwenye kitundu cha dari, mabega yakapita, tumbo likakataa. Alikaa pale nusu saa, miguu ikining'inia juu ya ngazi, huku wageni wakipita chini na kuiamkia miguu. Alipochomolewa, magoti yalimuuma kiasi cha kupelekwa zahanati.

Nesi alimpima, akatikisa kichwa. "Presha iko juu, na magoti yamebeba mzigo usio wao. Punguza uzito. Nakupa mwezi mmoja. Nikikuta hali ni hii hii, utaanza dawa, na kazi ya kupanda ngazi uisahau."

Baba alirudi nyumbani akiapa. "Kuanzia leo asubuhi chai kavu, mchana maji, jioni nalala!"

"Baba Sindano, mwili si bomba, useme utafunga koki," Mama alimwambia.

"Subiri uone. Mizani hatuna, lakini suruali yangu ya kazi ipo. Suruali haisemi uongo. Ikianza kupwaya, mjue nimepungua."

Usiku wa tatu, Sindano aliamka kunywa maji. Jikoni kulikuwa giza, ila kuna kitu kilikuwa kikitafuna. Akawasha taa. Baba alikuwa amesimama mbele ya kabati, mkono mmoja ndani ya sufuria ya wali, mwingine umekumbatia nusu mkate kama mtoto mchanga.

"Nasikiliza bomba," Baba alisema, punje za wali zikimdondoka kidevuni.

"Bomba la wapi, Baba?"

"La tumboni." Akameza. "Mwanangu, usimwambie mama yako. Njaa ya mchana naiweza. Hii ya usiku inanishika shati na kuniburuta mpaka hapa. Kesho nitaikomesha."

Kesho yake njaa ndiyo iliyomkomesha yeye. Mama alilalamika kwamba panya wa nyumba ile wamejifunza kufunua sufuria na kuifunika tena.

Ijumaa jioni Baba alijaribu suruali. Kifungo hakikufika kwenye tundu lake. Akavuta pumzi; wapi. Akalala chali kitandani, wapi. Mwisho akakaa ukingoni mwa kitanda. "Siwezi," alisema kwa sauti ndogo. "Labda ndivyo nilivyoumbwa. Bora niache tu."

Maneno hayo yalimchoma Sindano, aliyekuwa amesimama mlangoni. Asubuhi yake, alipokuwa akipiga pasi, aliigeuza suruali ndani nje. Mafundi wazuri huacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono wa nyuma, ili nguo ipanuliwe mwenyewe akinenepa. Sindano akafumua, akatoa upana wa kidole kimoja, akashona upya na kupiga pasi mpaka alama ikafutika.

"Inafunga!" Baba alipiga kelele. "Mama Sindano, njoo uone maajabu!"

Mtaa mzima ulipata habari. Hata kinyozi wa jirani aliambiwa, "Kiuno kinayeyuka, bwana."

Kinyozi alilitazama tumbo, kisha akatazama mkasi wake. "Hongera, fundi. Labda kinayeyukia mbele."

Ubaya ni kwamba Baba sasa hakuwa na sababu ya kuiogopa njaa ya usiku. Kama anakula na bado anapungua, basi mwili umeshamwelewa! Akaongeza mayai, kisha karanga. Jumamosi ya pili Sindano alipanua tena. Ya tatu, kitambaa cha akiba kilikuwa kimekwisha. Akakata pembetatu kwenye bakaa la pazia la sebuleni, la njano lenye maua makubwa mekundu, akaipachika nyuma ya kiuno, mahali panapofunikwa na shati.

Siku ya zahanati ikafika. "Twende ukashuhudie," Baba alimwambia.

Alipanda kwenye mizani kama mshindi. Nesi akasoma, akamwambia ashuke, akamwambia apande tena. "Umeongezeka kilo nne."

"Nesi, mizani yako inaumwa."

"Imepima watu kumi na wawili leo, hakuna aliyelalamika. Na presha nayo imepanda."

"Hicho kipimo ni ndugu yake mizani! Mimi nina ushahidi. Suruali hii ilikuwa haifungi, leo inafunga. Suruali haisemi uongo!" Baba akachukua kofia yake. "Nitatafuta zahanati yenye mizani ya kweli."

Mlangoni palikuwa na ngazi moja tu. Baba alishika fremu kwa mikono miwili ili ashuke, uso ukimtoka jasho. Sindano aliona hayo. Akinyamaza, baba yake ataendelea kuugua huku akifurahi.

"Baba," alisema, "suruali inasema uongo. Mimi ndiye niliyeifundisha."

Akainua shati la Baba kwa nyuma. Nesi aliziba mdomo kwa faili. Baba akajizungusha mara tatu akijaribu kuona mgongo wake mwenyewe.

"Hilo si pazia la sebuleni?"

"Ndilo, Baba."

"Mwezi mzima natembea na pazia?"

"Wiki moja tu. Kabla ya hapo kilikuwa kitambaa chako mwenyewe." Machozi yakamlengalenga. "Ulisema utaacha. Nilikuonea huruma."

Baba akarudi kitini taratibu. "Basi na mimi niseme langu," alisema. Akaeleza yote: wali, mkate, mayai, karanga.

Nesi hakumcheka. "Ukiufungia mwili mlango mchana, utaingilia dirishani usiku. Kula asubuhi, kula mchana, kula mapema jioni, mboga nyingi na wali kidogo. Usiku njaa ikikuamsha, kunywa maji kwanza. Ikibaki, washa taa, kaa mezani, kula tunda. Mtu anayekula amesimama gizani hajui ameshiba saa ngapi."

Wakafanya hivyo. Haikuwa rahisi. Kuna usiku Baba alikaa mezani na kipande cha papai akikisemesha kwa uchungu. Lakini mwezi uliofuata mizani ilionyesha kilo tatu chini, presha nayo ikaanza kushuka. Nesi akasema safari bado ndefu, ila njia ni hiyo.

Jioni hiyo Mama alimpa Sindano utepe ampime baba yake suruali mpya. Sindano alipouzungusha kiunoni, Baba akavuta tumbo ndani.

"Pumua, Baba."

"Nimepumua."

"Pumua kweli."

Baba akapumua, tumbo likarudi nyumbani kwake. Sindano aliitazama namba, bado kubwa, akaiandika kwenye daftari vilevile. Kisha akamtazama mama yake kwa wasiwasi.

"Mshono wako niliuona tangu wiki ya kwanza," Mama alisema. "Nikajidai sijauona kwa kuwa nyumba ilikuwa na furaha. Nami nilikosea. Huruma ni nzuri, mwanangu, lakini ikimficha mtu ukweli wake, inamwacha akiugua. Kipimo huandikwa kama kilivyo, si kama tunavyotaka kiwe. Kazi huanzia hapo."

"Na mimi sasa naweza kulegeza mkanda nilioukaza kabla ya kupimwa?" Baba aliuliza.