Eda Aliyoikaa kwa Matusi

"Hilo jasho si la joto, Habibu. Unaumwa."

"Siumwi, nimechoka tu. Jana Ruangwa tumepiga mpaka watu wakavua viatu."

Zulfa alimwekea mume wake kiganja shingoni. Shingo ilikuwa ya moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Nje, gari la Mbwemkuru Jazz lilikuwa linanguruma na vyombo vyote vimeshapakiwa, bado mpiga gitaa la solo tu.

"Waambie watangulie, utawafuata ukipona."

"Bendi bila solo si bendi, mke wangu, ni watu wamekaa na vyuma. Msimu wa korosho huu, tukiukosa tumekosa mwaka mzima. Ni Msumbiji hapo tu, ng'ambo ya Ruvuma. Naenda narudi."

Kaimu, dereva wa bendi, alichungulia dirishani.

"Shemeji, tuachie mtu wetu bwana! Utambana mpaka lini?"

"Mkimtesa huko, Kaimu, nakushika wewe."

"Nishike mimi!"

Wakacheka wote watatu. Habibu akachukua gitaa, akatoka na koti begani, akapanda gari. Hakugeuka, maana alikuwa mtu wa kurudi. Mtu wa kurudi hana sababu ya kugeuka.

Gari likarudi bila yeye.

Mzee Saturnini, kiongozi wa bendi, ndiye aliyekuja kusimama mlangoni kwa Zulfa. Alikuwa ameshika kofia mkononi na macho yako chini.

"Mwanangu, Habibu amebaki Mueda, kule Msumbiji. Amepata mwanamke huko."

Zulfa alianza kwa kucheka. Alidhani ni utani wa wanamuziki. Kisha akapiga simu, simu haipatikani. Akaandika ujumbe: *Habibu, hata kuniaga umeshindwa?* Siku zilivyokwenda ujumbe ukabadilika: *Huyo mwanamke ana nini nisichokuwa nacho?* Na mwisho, baada ya kulia mpaka koo likakauka: *Mungu akulaze njaa hapo ulipo.*

Hakuna uliojibiwa.

Kule Malolo, upande wa Ruangwa, Bi Ashura, mama yake Habibu, aliacha kwenda gulioni. "Mwanangu amenivua nguo," alisema, "nikatembee uchi mbele za watu?" Ufuta wake wakawa wanampelekea majirani kuuza.

Miaka ikapita. Bendi ikazeeka na Kaimu akaacha kuiendesha. Akapata fuso lake, akawa anabeba ufuta na korosho kati ya Ruangwa na Nachingwea. Kila akipita, alisimama Nachingwea kwenye kibanda cha Zulfa cha chai na chapati. Bati likitoboka, Kaimu analiziba. Kuni zikiisha, Kaimu analeta. Siku moja Zulfa akagundua kwamba Kaimu ameacha kumwita shemeji.

"Nenda kwa Shehe Yunusi akuvunjie ndoa ile," Kaimu alimwambia. "Utakaa kwenye ndoa ya mtu aliyekutupa mpaka lini?"

Shehe alisikiliza, akauliza, akasubiri, mwishowe akaivunja. Kaimu akaleta posa. Hata Bi Ashura alitoa baraka zake kutoka Malolo: "Olewa, mwanangu. Aliyekosa ni damu yangu, si wewe."

Nikaha ikapangwa Ijumaa. Jumamosi ya kabla yake, redio ikaongea.

*

Mashabiki wa Mbwemkuru Jazz walikuwa wamejaa kibandani toka mchana. Bendi ilikuwa inahojiwa redioni kwa kutimiza miaka mingi jukwaani, na kwa watu wale hiyo ilikuwa sikukuu. Fahadi, kinyozi, alikuwa na simu mkononi akituma maswali studio. Seleman, fundi baiskeli, alikuwa anajibizana na redio kana kwamba inamsikia.

"Mzee Saturnini," sauti ya Eva, mtangazaji, ilitoka, "ni kweli mliwahi kupigana jukwaani?"

"Kweli. Mpuliza tarumbeta alinipiga na tarumbeta. Nikaimba wimbo mzima damu zinanitoka, watu wakadhani ni mtindo."

Kibanda kikalipuka kwa kicheko.

"Nilikuwepo!" Seleman alipiga meza. "Nilikuwepo siku hiyo Chiola!"

"Wewe kila mahali ulikuwepo," Fahadi alimkata. "Hata bendi inazaliwa, wewe ndiye ulikuwa mkunga."

Zulfa alicheka huku akigeuza chapati. Habari za bendi hazikumuuma tena, au ndivyo alivyojiambia. Walizoea kumtania: mke wa mpiga solo hana ndoa, ana kituo cha gari tu. Alijifunza kucheka kabla hawajamaliza kusema.

Kaimu akaingia kutoka barabarani, akasikia sauti inayotoka redioni, akasimama.

"Jamani, leo si kuna mpira? Wekeni mpira."

"Mpira wa nini? Kaa chini bwana harusi, ulikuwa dereva wao wewe, usikie ukisifiwa," Seleman alisema.

"Kelele hizi zinamuumiza kichwa Zulfa." Mkono wake ukaenda kwenye redio, ukapunguza sauti.

"Haziniumizi," Zulfa alisema. "Ongeza, tusikie."

Fahadi akaongeza. Eva alikuwa anasoma: "Kuna shabiki wa Nachingwea anauliza: yule mpiga solo wenu Habibu, aliyebaki Msumbiji, mliwahi kumsikia tena?"

"Swali langu hilo!" Fahadi aliruka. "Langu hilo, jamani!"

Kikohozi. Kisha Mzee Saturnini akasema kwa sauti ndogo, si ile ya jukwaani:

"Binti, umeniambia leo niseme kweli tupu."

"Ndiyo, mzee."

"Habibu hakubaki na mwanamke. Habibu tulimzika."

Fahadi akaweka simu mezani.

"Alitoka kwake na homa. Nikamwambia piga, watu wameshalipa viingilio. Akapiga mpaka wimbo wa mwisho, ameegemea spika. Asubuhi hakuamka. Na sisi tulivuka mpaka bila vibali vya kazi. Kurudi na maiti ni kufungwa wote. Tukamzika kijiji cha jirani na Mueda. Halafu tukakaa kwenye gari, sisi na dereva wetu Kaimu, tukaapa. Mimi ndiye niliyesema tuseme amebaki na mwanamke. Mwanamuziki ukisema amebaki na mwanamke, nani atauliza swali la pili? Na kweli, hakuuliza mtu. Nimelala na uongo huo mpaka nimezeeka. Mkewe kama unanisikia, mwanangu…"

Mzee akashindwa kuendelea. Eva akaweka muziki. Ukawa wimbo wao wenyewe, na gitaa lile la solo likaingia kibandani kama mtu anayerudi nyumbani kwake.

Chapati ikaungua. Zulfa hakuiona.

"Kaimu."

"Zulfa, twende pembeni."

"Kuna pembeni gani? Miaka yote umekaa kwenye benchi hilo. Sema kutokea hapo hapo. Ni kweli?"

Kaimu akainamisha kichwa.

"Ni kweli."

"Ukanipeleka kwa shehe nikavunje ndoa na maiti?"

"Tuliapa, Zulfa. Nikasema nitakuambia mwaka huu. Mwaka ukipita unakuwa mgumu zaidi. Halafu nikakupenda, ndiyo nikashindwa kabisa."

Seleman alivua kofia yake.

"Shemeji," alisema, na neno lile halikuwa na utani tena, "tulikuwa tunakucheka. Tusamehe."

Simu ya Fahadi ilikuwa inalia mfululizo mezani. Kundi la mashabiki lilikuwa limewaka. *Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.* Mwingine: *Kumbe tulimtukana marehemu muda wote!* Mwingine: *Huyo Kaimu si ndiye anayemuoa mjane?* Mwingine, bila huruma: *Admin, mtoeni humu.*

Fahadi akaigeuza simu kifudifudi.

"Kama nisingeuliza," alinong'ona.

"Usilie, Fahadi," Zulfa alisema. "Wewe ndiye mtu pekee aliyeuliza."

*

Shehe Yunusi aliwapokea barazani, Zulfa akiwa na kaka yake Ismaily. Alikuwa ameshasikia. Mji wote ulikuwa umeshasikia.

"Shehe, nataka kukaa eda ya mume wangu."

Shehe alishusha pumzi.

"Binti yangu, eda ya mjane inahesabiwa toka siku mume alipofariki, si toka siku mke alipopata habari. Miezi minne na siku kumi za Habibu zilikwisha zamani. Huna eda."

"Zilipita nikiwa wapi?"

"Ulikuwa unaishi, mwanangu. Ulikuwa hujui."

"Nilikuwa namtukana, shehe." Sauti ya Zulfa ilipasuka. "Wenzangu wanakaa eda ndani, wanavaa nguo za msiba, watu wanakuja kuwapa pole. Mimi eda yangu nimeikaa kwa matusi. Nilimwombea njaa mtu aliye kaburini. Nipe nyingine."

Ismaily aligeuza uso pembeni.

"Siwezi kukupa iliyokwisha," shehe alisema polepole. "Nisingekuwa mkweli. Ila kulia hakuna aliyekukataza. Na dua inamfikia. Jumatano tutamsomea hitma. Na Ijumaa, kisheria, hakuna kinachokuzuia kuolewa."

"Najua, shehe. Hilo ndilo linaloniuma. Kwamba hakuna kinachonizuia."

Alipotoka, alimpigia Kaimu simu. Ilikuwa mara ya kwanza toka siku ile ya redio.

"Zulfa! Zulfa, nisikilize…"

"Kesho njoo na gari. Tunakwenda Malolo. Mama yake Habibu hana redio. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako."

*

Njia nzima hawakusemezana. Bi Ashura alikuwa uani anapepeta ufuta. Alipowaona wameongozana, uso wake ukachangamka.

"Karibuni, karibuni! Mmenifuata kunialika? Mimi sifiki huko, wanangu, aibu. Lakini nimewaombea. Zulfa, mbona macho yamevimba? Bwana harusi ameanza kukuliza mapema?"

Kaimu alipiga magoti kwenye vumbi la ufuta.

"Mama, Habibu amefariki."

Ungo ulibaki mikononi mwa Bi Ashura, hauendi juu wala chini.

"Lini?"

"Safari ile ile, mama. Homa. Hakuwa na mwanamke. Tulikudanganya."

Mama yule hakupiga yowe. Aliuweka ungo chini taratibu, kama mtu aliyebeba kitu cha kumwagika, akakaa kwenye kinu kilicholala.

"Nani alimwosha?"

"Mimi, mama. Mimi na mzee mmoja wa kijiji kile, Mwislamu. Wenzangu hawakujua namna."

"Maji yalikuwa masafi?"

"Ya kisima, mama. Nilichota mwenyewe."

"Sanda?"

"Tulinunua kitambaa cheupe dukani. Kilipungua, nikaongeza shuka langu."

"Mlimlaza kuelekea kibla?"

"Ndiyo, mama."

Bi Ashura alitikisa kichwa mara nyingi, machozi yakifuata mikunjo ya uso.

"Basi kwa kumwosha mwanangu, Mungu akulipe. Na kwa kuninyima kumlilia, Mungu akulipe vilevile. Mimi sina la kukufanya."

Zulfa akamwangukia mapajani.

"Mama, nilimtukana. Nilimtukana kila siku."

"Na mimi, mwanangu. Mimi niliyemzaa." Akampapasa kichwa. "Tulikuwa wawili."

Walilia pale, mama mkwe na mke wa mwanawe, mpaka jua lilipoanza kuhamia upande wa pili wa ua. Kisha Bi Ashura akainuka, akaingia ndani, akatoka amejitanda khanga safi.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Gulioni."

"Leo tuna msiba, mama."

"Ndiyo nakwenda kuwaambia. Waliponisema mwanangu kakimbia mke, walikuwa gulioni. Wasikie wakiwa palepale. Mwanangu hakukimbia mtu. Mwanangu alikufa kazini."

Akaondoka, mgongo umenyooka.

Wakabaki wawili na ufuta.

"Zulfa." Kaimu alikuwa bado amepiga magoti. "Nitaahirisha Ijumaa. Nitasubiri mwaka, nitasubiri miwili. Nilikosa, lakini mapenzi yangu hayakuwa uongo. Bati lile, kuni zile…"

"Najua hayakuwa uongo. Ingekuwa ni uongo, ningepona upesi." Zulfa alikuwa anaokota punje zilizomwagika, moja moja, akirudisha kwenye ungo. "Unajua kilichonishinda ni nini? Nililia mbele yako. Nilikuuliza, Kaimu, nilikosea wapi mpaka mume akanikimbia? Ukasema, hukukosea. Ulikuwa unajua kwa nini sikukosea. Ukanitazama tu."

"Niliogopa kukukosa."

"Ungeniambia siku ile, ningekushukuru maisha yangu yote. Ungekuwa mtu aliyemwosha mume wangu. Labda hata ningekupenda kwa hilo."

Kaimu alijishika uso kwa mikono miwili.

"Nipeleke kaburini basi," Zulfa alisema. "Hilo tu. Baada ya hapo kila mtu na njia yake."

"Hapafikiki, Zulfa. Toka machafuko yaanze kule kaskazini mwa Msumbiji, watu wa kijiji kile wamehama. Nilijaribu mwaka juzi, niliishia mpakani."

"Ulijaribu?"

"Nilitaka kumwomba ruhusa. Kabla sijaleta posa."

Zulfa alimtazama. Mkono wake uliinuka kidogo kutoka kwenye ungo, ukasimama hewani, ukarudi.

"Kaka yangu atakurudishia posa," alisema. "Nenda salama, shemeji."

Kaimu alilisikia neno lile. Aliinuka, akapukuta magoti, akatoka. Gari likachukua muda kuwaka.

Hitma ilisomwa Nachingwea Jumatano, na mashabiki wa Mbwemkuru Jazz walijaza uwanja mpaka barabarani. Mzee Saturnini alikuja, akakaa nyuma kabisa, hakuna aliyemfukuza wala aliyemsogelea. Zulfa amekifunga kibanda. Sasa anaishi Malolo na Bi Ashura, wanalima pamoja, na siku za gulio wanakwenda wote wawili. Kaburi la Habibu liko ng'ambo ya Ruvuma, na mpaka leo Zulfa hajafika.