Fundi wa Gitaa Aliyechukua Ng'ombe wa Baba

Nina miaka sitini na tatu, ni bawabu hapa Lodwar, na shule niliachia darasa la pili. Nikipotea njia mnivumilie, nitarudi.

Nikiwa mdogo kule Kaaleng, baba alinichapa kwa sababu ya maziwa ya ngamia. Nilikuwa nimekunywa ya mgeni! Mgeni mwenyewe alicheka, akaomba niachwe. Baba akazidi kukasirika, akatoka nje, akamwimbia maksai wake mpaka hasira ikamtoka.

Ndivyo alivyokuwa. Maksai huyo aliitwa Lokori, kwa madoadoa yake kama ya twiga, na baba mwenyewe watu walimwita Apalokori, yaani baba wa Lokori. Kwetu Waturkana mwanamume humtungia maksai wake wimbo, na wimbo huo ni wake kama meno yake. Akifa, wanawe huuimba kwa jina lake. Mtu mwingine hagusi!

Baba alikufa. Lokori akaenda na ukame. Mimi na kaka yangu Lokwang tukabaki na wimbo tu...

Sasa gitaa. Mimi ni mgonjwa wa muziki wa kantri, tangu enzi za redio ya betri. Mwaka wa 2012 nilinunua gitaa la umeme, la bei rahisi, kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Nia yangu ilikuwa moja: kumwimba Lokori kikantri kabla sijafa. Lakini gitaa lile! Lilinguruma kama tumbo la mwenye njaa. Mimi nilitaka ile sauti kali, nyembamba, inayolia na kujikunja mwishoni.

Nikaambiwa Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, kuna fundi wa redio anayepiga gitaa kanisani. Aliitwa Mabior, mtu wa Sudan Kusini, mrefu, mwenye mvi mbili tatu. Nilipomsalimia kwa Kiturkana, "Ejok!", akaitikia vizuri kuliko watoto wangu.

Alilishika gitaa, akaligonga kwa kidole, akacheka. "Mzee, hii umenunua ama umeokota?"

Nilimpenda hapo hapo.

Alitoa vile visumaku vya chini ya nyuzi, vinavyoshika sauti, akaweka vingine vya gitaa lililokufa. Akafunga nyuzi nyembamba. Kile kijiti cha plastiki kinachobeba nyuzi shingoni mwa gitaa akakitupa, akachonga kingine kwa mfupa wa ng'ombe, siku mbili nzima akipiga tupa. Mfupa wa ng'ombe! Baba angefurahi.

Halafu akaniomba jambo. "Imba hiyo wimbo yako, nirekodi kwa simu. Nikifanya kazi nisikie sauti unataka."

Wasomaji wangu, mbona sikujiuliza? Niliona ni mambo ya ufundi tu, kama fundi cherehani kupewa kipande cha kitambaa. Nikaimba. Nikaimba yote, hata pale baba anapojitaja!

Wiki ya pili nililichukua gitaa langu. Lilipolia, nilifuta machozi mbele za watu.

Mwaka uliofuata nilikuwa nangojea bodaboda hapa mjini, simu ya dereva mmoja ikaanza kuimba. Gitaa lilikuwa langu, mfupa ule naujua. Wimbo ulikuwa wa baba. Lakini kila palipokuwa na Lokori, sauti ilisema Mabior. Kwa Wadinka, watu wake, hilo ni jina la ng'ombe mweupe. Yule mtu alikuwa amejirekodi kabla ya kunirudishia gitaa!

Dereva akaniambia huo wimbo uko kwa kila simu, watu wanapeana kwa kadi za memori.

Ulifika hata Kaaleng. Lokwang akaja kwangu, hakukaa kwenye kiti.

"Ekai, umeuza ng'ombe ya baba?"

Nikaapa sikuuza.

"Kwa hivyo ulimpa bure? Hiyo ni mbaya zaidi."

Akaenda, chai yangu ikapoa bila kuguswa. Mpaka leo hatujasemezana. Watoto wake wakioa, nasikia kwa watu.

Nikabeba gitaa, nikarudi Kakuma. Nilitaka akane, nimtukane. Hakukana! Alizima kile chuma chake cha kuunganishia waya, akainama.

"Mzee, hata sisi tunaimbia ng'ombe. Nilijua nafanya nini. Baba yangu aliuawa kabla hajanifundisha yake. Niko na jina la ng'ombe, sina wimbo. Nikasikia yako..."

Kisha akasema ataurekodi tena, ataweka jina la baba. Na zile simu zote, atazikusanya vipi? Uchungu wake niliuelewa kabisa. Ndiyo maana nilimchukia zaidi! Mwizi mwenye sababu unamshtaki kwa nani?

Nawasihi, ninyi mlioachiwa kitu na wazazi kisichoshikika kwa mkono... msikitoe kama kipimo cha kazi ya fundi. Hata fundi mwema. Huyo mwema ndiye mtakayemwimbia yote.

Mabior alinyoosha mikono akidhani nimeleta gitaa litengenezwe. Nilimpa liwe lake, mimi singeweza tena kulipiga. Akauliza lina shida gani, nije kulichukua siku gani.

Niligeuka, nikashika njia ya barabarani, nikamsikia nyuma yangu akizijaribu nyuzi, moja moja. Kakuma sijakanyaga tena.