Nguli Aliyenyamaza

Alhamisi ile duka la fundi simu lilijaa watu hadi mlangoni. Mshonaji mmoja mwenye gauni la bluu, futi ya kupimia ingali shingoni, akampa simu iliyopasuka kioo.

"Fundi, tafadhali usifute kitu."

"Dada, mimi natengeneza simu, sifagii."

Akacheka. Maneno yakavuta maneno, kumbe wote walikuwa kwenye jukwaa moja la waandishi mtandaoni. Fundi akajitapa jinsi alivyoanza kama Mgeni, akawa Msomaji, mpaka Nguli mmoja, mwenye cheo cha juu kabisa, akamdhamini akapanda kuwa Mwandishi.

"Bila Nguli hupandi, hata uote sugu vidoleni. Naye akinyamaza mwezi mzima, anashushwa. Wangu hanyamazi. Kila mwezi ananisifu."

Mshonaji akainamisha macho.

Wakapendana. Simu za mchana hazikuisha: "Umekula, mpenzi?" "Nitakulaje na sauti yako sijaisikia?" Lakini mara nyingine, fundi akimtembelea, mshonaji alisimamisha cherehani ghafla, kana kwamba ameitwa kutoka chumbani, na fundi akahisi nyumba ile ina mwenyewe.

Siku moja fundi aliingia bila kubisha hodi. Simu ilikuwa mezani, wazi kwenye akaunti ya Nguli, na sifa za hadithi mpya ya fundi zimeandikwa nusu.

"Kumbe ni wewe?"

"Ni marehemu mume wangu. Jana ametimiza miaka miwili kaburini. Naandika kwa jina lake asishuke cheo."

"Na aliyenisifu ni nani? Yeye au wewe?"

"Sijui tena. Nikianza kuandika, namsikia."

Fundi akaondoka. Wivu kwa aliye hai una dawa. Kwa marehemu, utagombana na nani?

Wiki zikapita bila simu. Mshonaji hakuandika tena neno kwa jina la mumewe. Mwezi wa ukimya ulipotimia alishona tangu alfajiri, machozi yakidondokea kitambaa cha mteja. Saa nne asubuhi simu ikalia.

"Nimeangalia tarehe niliyopandishwa cheo," fundi akasema. "Aliyenidhamini ni yeye mwenyewe, wiki mbili kabla hajafa. Mpenzi, andika hata neno moja. Asishuke."

"Umechelewa. Ameshuka asubuhi hii." Akasukuma kitambaa kando. "Nimemwacha kwa ajili yako, na sasa nyumba iko kimya. Naogopa."

Fundi alifunga duka, wateja wakilalamika, akaja. Akamkumbatia, akalia naye, kisha akavuta kigoda karibu na cherehani.

"Nihadithie," akasema. "Alikuwa mtu wa namna gani?"

Tangu msiba, hakuna aliyewahi kumuuliza.