Santuri Iliyokwanguliwa Jina

Enilsa Cassiani ni jirani yangu ukuta kwa ukuta. Jiko lake limeegemea chumba changu cha kulala, kwa hiyo anachokaanga nakijua kabla hakijaiva. Nikisema Jumanne ile ilianza kama Jumanne nyingine zote hapa mtaani Olaya, niamini. Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni na karai lake akiuza karimanyola, muhogo uliopondwa ukajazwa jibini, na mdogo wake wa kiume alikuwa amekalia kreti la soda, anamenya na kuimba.

"Imba tu," Enilsa alimtania, "lakini huo muhogo haujimenyi."

"Dada, siku nikisainiwa utakaanga ukipenda tu."

"Nikipenda! Msikieni tajiri wa kreti."

Mama yao alifariki kijana akiwa na miaka minne. Enilsa ndiye aliyemlea, akamfundisha kufunga vifungo na kuandika jina lake. Sasa alikuwa na miaka ishirini na miwili, na sauti yake iliwafanya wateja wasahau chenji. Alikuwa na wimbo mmoja alioupenda kuliko zote. Ulisimulia maji ya Oktoba yalivyoingia majumbani alipokuwa mdogo, na dada yake akambeba mabegani hadi barabara kuu. Katikati ya wimbo ngoma zilinyamaza, akasema kwa kicheko: "Enilsa, nishike, usiniangushe!" Nilipousikia mara ya kwanza nililia, wala sioni haya kusema.

Alikuwa ameshazunguka nao kila mahali. Redioni walimwambia alete wimbo ambao watu wameshaupenda. Alipouliza watu wataupendaje kabla ya kuusikia, wakamwambia hiyo ni shida yake. Kwenye kampuni moja ya muziki alikuta kaseti aliyowapelekea mwezi mmoja nyuma imewekwa chini ya mguu wa meza ili meza isiyumbe. Alirudi akicheka, lakini chakula hakukigusa.

Ikabaki njia moja, ile ya wote waliotoka hapa Cartagena: piko. Piko letu si redio ya kuweka mezani, ni ukuta mzima wa spika, umechorwa rangi na una jina lake kama mtu. Msanii asiyejulikana anampa mwenye piko santuri moja tu, hakuna nyingine duniani. Mwenye piko anaikwangua karatasi ya katikati hadi jina lipotee, ili wapinzani wake wasijue wimbo ni wa nani. Anaupiga kila Jumapili. Watu wanachanganyikiwa, wanaulizana, nani huyu, nani huyu? Wakishaiva, mtu wa kampuni anakuja na mkataba, na jina linarudishwa. Kwetu, kukwanguliwa jina ni heshima. Hakuna anayeogopa.

Ndiyo maana Don Eustorgio Paut alipokuja mchana ule, mtaa mzima ulitoka kuchungulia. Ndiye mwenye piko liitwalo Yatima. Alikaa jikoni kwa Enilsa na pamba masikioni, akapewa kahawa iliyojaa hadi ukingoni.

"Nimesikia habari za wimbo wako," alimwambia kijana. "Jina lako usinitajie. Karekodishe santuri moja, na katikati uandike jina lako lote kwa mkono wako, na la baba na la mama. Kisha aliyekufundisha kuliandika ndiye alikwangue."

Enilsa akainua uso. "Samahani, Don Eustorgio. Si huwa mwenye piko anakwangua mwenyewe?"

"Mimi mzee, mwanangu. Mikono inatetemeka."

Enilsa alikitazama kile kikombe. Kilikuwa kimejaa pomoni mkononi mwa mzee, na hakuna hata tone lililomwagika kwenye kisahani.

Machale yakamcheza. Jumapili iliyofuata alikwenda mwenyewe uwanjani kwa Yatima, saa nane mchana, jua la kuchoma utosi, watu wanacheza jasho linawachuruzika. Kwenye spika palichorwa mtoto amesimama na kuwapa watu mgongo. Nyuma ya mtoto palikuwa na watu wazima sita, nao wamegeuka. Enilsa alitafuta uso mmoja tu kwenye mchoro mzima, hakuupata.

Santuri ikawekwa, sauti ya mwanamume ikaimba kwa uzuri wa kuumiza. Enilsa alimsogelea Don Eustorgio.

"Anayeimba ni nani?"

"Kijana mmoja."

"Wa wapi?"

"Wa hapahapa."

"Ameshasainiwa?"

"Wote wamesainiwa, mwanangu."

Jibu lile halikumwingia akilini. Mtaani kwetu siri ya santuri haikai miezi mitatu, daima kuna binamu atakayeropoka. Lakini nyimbo za Yatima zilipigwa miaka na hakuna binamu hata mmoja aliyejitokeza. Alipokuwa akiondoka alimwona bibi mmoja amesimama karibu kabisa na spika, ameshika sahani ya wali wa nazi na samaki, imefunikwa kwa kitambaa.

"Bibi, masikio yatakuziba hapo. Unamsubiri nani?"

"Namletea..." Bibi alisita. Akatabasamu kwa aibu. "Namletea huyu, mwanangu. Namletea chakula chake."

"Nani?"

Bibi aliitazama sahani kwa muda mrefu. Enilsa akasema moyoni, uzee huo, maskini, akaenda zake.

Nyumbani waligombana nikiwasikia ukutani.

"Yule mzee ni mwongo. Mikono yake haitetemeki."

"Dada, umemshuku mchungaji, umemshuku daktari, hata paka wa jirani umemshuku!"

"Paka alikuwa mwizi kweli."

"Kaseti yangu iko chini ya meza, Enilsa! Chini ya mguu wa meza! Unataka nimenye muhogo hadi nizeeke?"

Santuri ilikuwa imeshaletwa, iko mezani, jina lote ameshaliandika kwa mkono wake. Halafu nikasikia kisu kikikwangua. Kisu kilekile cha muhogo. Kilikwangua polepole, kikasimama, kikakwangua tena. Baadaye Enilsa aliniambia jina lilikuwa gumu kutoka, wino ulishika hata kwenye plastiki. Alipomaliza alipuliza yale mavumbi ya karatasi, yakatoka dirishani. Mdogo wake akambusu kwenye paji la uso. Walicheka wote wawili.

Wimbo ulipigwa Jumapili na uwanja ukapasuka. Wakaurudisha mara tano. Ulipofika pale, "Enilsa, nishike, usiniangushe!", watu walirusha mikono juu wakapiga kelele. Kijana alikuwa katikati yao, hakuna aliyejua ni yeye, akicheza ndani ya shati lake la kijani lenye kiraka begani. Kiraka hicho Enilsa alikikata kwenye pazia la jikoni, kina maua mekundu.

Jumatatu mwalimu aliyemfundisha kijana alisimama kununua karimanyola. "Hujambo..." akasema, akakunja uso, akacheka. "Nazeeka. Hujambo, kijana."

Jumatano kasisi aliyembatiza akamwita "mwanangu wewe". Muuza duka akamwita "mdogo wa Enilsa". Wote walimjua. Walimsalimu na kumuuliza afya. Ila jina hawakuwa nalo.

Enilsa alikwenda kwenye sanduku la nguo akatoa kitambulisho cha mdogo wake. Picha ilikuwepo, na tarehe ya kuzaliwa, na alama ya kidole. Mahali pa jina palikuwa peupe. Hapakufutwa wala kuchubuka. Palikuwa safi kama karatasi isiyowahi kuandikwa.

"Andika jina lako hapa," alimwambia mdogo wake, akampa kalamu na karatasi ya kufungia karimanyola.

Kijana alishika kalamu. Akaiweka karatasini. Kalamu haikwenda.

"Leo sina akili," alisema taratibu. "Wewe niambie, dada. Linaanza na nini?"

Enilsa akamwambia. Wakati ule bado alikuwa nalo. Kijana alilisikiliza kama mtu anayetajiwa jina la mji wa mbali, akaitika kwa kichwa, na alipofika mlangoni alikuwa ameshalisahau. Ndipo Enilsa alipoanza kulirudia. Akikaanga analitaja. Akifua analitaja. Usiku nilimsikia ukutani, jina lilelile, jina lilelile, hadi sauti ikakauka. Aliogopa kulala. Aliniambia, "Nikisinzia litatoka."

Akafunga safari hadi kwa Don Eustorgio akadai santuri. Mzee alichomoa pamba sikio moja.

"Umechelewa, mwanangu. Kampuni inakuja Jumapili. Si ndicho mlichotaka?"

Jumapili ile mdogo wake aliondoka mapema akiwa na shati la kijani. Enilsa alikuwa amekesha siku nne. Alikaa kwenye kreti avae viatu. Kiatu kimoja kikaingia. Macho yakafumba.

Yakafumbuka. Dakika mbili, si zaidi, kahawa ilikuwa bado inatoa moshi.

Alifungua mdomo ataje jina.

Alitoka mbio na kiatu kimoja. Nilimfuata, sikujua kuna nini. Alikuwa analia, anapiga kifua, anasema, "Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo sasa hivi."

Uwanjani palijaa. Mbele ya spika paliwekwa meza, na mtu mwenye suti amekaa na mkataba. Mdogo wake Enilsa alikuwa ameinama na kalamu.

"Niandike nini?" tulimsikia akiuliza.

"Acha wazi," mtu wa suti alimjibu. "Wote huacha wazi."

"Usisaini!" Enilsa alipiga kelele. "Wewe! We... mdogo wangu!"

Lakini uwanja ulikuwa na wadogo wa watu mia tatu. Vichwa kumi viligeuka. Cha kwake hakikugeuka. Angemwita jina lake angegeuka, hilo nitalisema mpaka naingia kaburini. Enilsa aliwasukuma watu, akaparamia, akaanguka. Wimbo ukaanza. Watu wakaruka wote kwa pamoja wakatuziba.

Walipotulia, meza ilikuwepo. Kalamu ilikuwepo. Mtu wa suti na mdogo wake Enilsa hawakuwepo.

Polisi walikuja mara moja tu, hawakurudi. Walimuuliza Enilsa anamtafuta nani. Hakuwa na la kuandikisha, wakafunga daftari. Don Eustorgio amehamisha piko mara mbili tangu hapo, na kila anapolihamishia, Enilsa hufika. Mara ya kwanza nilikwenda naye ili nimrudishe nyumbani. Kwenye mchoro, nyuma ya yule mtoto, niliwahesabu waliogeuka. Walikuwa saba. Wa saba ana shati la kijani. Begani pana kiraka cha maua mekundu, nacho kimechorwa uzi kwa uzi, ule mshono wa kupindapinda wa Enilsa. Niligusa. Rangi ilikuwa kavu, ya zamani, imeanza kubanduka kwa jua.

Nami niliyemwona akizaliwa, niliyemsikia akiitwa kila asubuhi kupitia ukuta wangu kwa miaka ishirini na miwili, nimekusimulia yote haya bila kumtaja jina. Sikuwa naficha.

Santuri bado inapigwa. Inapofika katikati na ngoma kunyamaza, hakuna tena kile kicheko, wala hakuna "nishike, usiniangushe". Sauti ni ileile, lakini iko chini, kama inatoka nyuma ya spika. Inasema, "Enilsa, niite."

Jumapili iliyopita nilimkuta Enilsa amesimama karibu na spika, ameshika sahani iliyofunikwa kwa kipande cha pazia la jikoni. Harufu ya karimanyola ilikuwa inatoka chini ya kitambaa, bado za moto. Kando yake alikuwepo yule bibi na sahani yake.

"Enilsa, jirani yangu," nilimnong'oneza. "Hiyo ya nani?"

"Namletea..." akasema. Akanigeukia, macho yamejaa machozi, anasubiri nimsaidie. "Namletea..."

Nikafungua mdomo. Nyuma yetu watu walikuwa wanapiga miluzi, wanataka wimbo urudiwe.