Sloti ya Tano

Asubuhi sloti za memori zilikuwa nne. Herieth alikuwa na hakika na hilo, kwa sababu alikuwa na tabia ambayo mafundi wenzake wa Ifakara waliicheka: kabla ya kugusa mazabodi, lile bamba la kijani ambalo vifaa vyote vya kompyuta hupachikwa juu yake, aliichora kwanza kwenye karatasi. Kiti cha prosesa juu katikati, sloti nne nyembamba za kuchomekea memori kulia kwake, betri chini, matundu ya nyaya pembeni. Kisha kila skrubu aliyoifungua aliilaza kwenye mchoro, mahali pake. Wacheke tu, yeye hakuwahi kupoteza skrubu.

Mazabodi hii ilitoka kwenye ofisi iliyoingiliwa na mafuriko. Aling'oa kila kitu, akaisugua tope kwa petroli, akaianika saa saba mchana nje ya nyumba yake pale Viwanja Sitini, kwenye turubai la jirani yake Apolonia, pembeni ya mpunga. Alipoirudisha mezani ilinuka tope la mtoni, tope bichi, na sloti zilikuwa tano.

Aliilinganisha na mchoro mara tatu. Ile ya tano ilikuwa nyembamba, nyeusi, haina pini hata moja. Alipoinama kuichungulia, joto lilimpiga kwenye kope, likakoma, likampiga tena. Sloti ilikuwa inapumua.

"Aneth," aliita, "umeichezea hii?"

Binti yake wa miaka saba, ambaye hakuwahi kunyamaza hata akiwa anakula, alikuwa ameketi mlangoni. Alifungua mdomo, sauti haikutoka. Alijaribu tena, macho yakamjaa machozi, na kutoka ndani ya ile sloti kikasikika kilio chake, kidogo, kama redio iliyofunikwa shuka.

Herieth alikimbilia dirishani. Alimwita Apolonia.

Mama huyo wa Kipogoro alisimama mbali na meza, rozari mkononi, akanong'ona, "Uliianika ikiwa tupu?"

"Ndiyo, mama. Ilikuwa lazima ikauke."

"Mchana wa saa saba, vyumba vyote wazi. Hawa pepo wa mtoni mafuriko yamewatoa makwao, mwanangu. Kimoja kimeona nyumba haina watu, kimeingia. Sasa kimejiongezea chumba, kimeiweka humo sauti ya mtoto."

"Nifanye nini?"

"Kijazie nyumba. Kikikosa pa kukaa kitatoka chenyewe."

Hilo Herieth alilielewa, maana lilikuwa kazi yake. Alirudisha prosesa akaibana, akapachika memori ya kwanza, na kitu ndani ya bamba kikakwaruza, akapachika ya pili, kikakwaruza kwa nguvu zaidi, na harufu ya tope ikazidi mpaka Apolonia akaziba pua kwa khanga, akapachika ya tatu, meza ikatetemeka na skrubu zikaanza kuruka kutoka kwenye mchoro moja baada ya nyingine, na Herieth, jasho likimwingia machoni, akaikandamiza ya nne kwa madole gumba yote mawili hadi vishikizo vikalia, na ndipo ile ya tano ikaanza kufumba, polepole, kingo zikikaribiana, mpaka pakabaki kijani kitupu.

Kimya. Harufu ilikatika. Sloti zilikuwa nne.

Herieth alicheka na kulia kwa pamoja, akamkimbilia binti yake mlangoni. "Sema kitu, mwanangu. Sema chochote."

"Shikamoo," mtoto alisema.

Sauti ilikuwa nzito, na pumzi yake ilinuka tope. Aliwatazama wote wawili, kisha akakitazama kifua chake mwenyewe, kama mtu anayekagua chumba cha kupanga.

Apolonia alirudi nyuma hadi ukutani. "Herieth," alinong'ona, "mtoto naye alikuwa tupu, sauti yake imetolewa. Hatukumfikiria yeye."

Mezani, kutoka ndani ya bamba, sauti ya Aneth ikaita, "Mama, huku giza. Mlango uko wapi?"

Herieth alizing'oa memori zote nne, akang'oa na prosesa. Akapitisha vidole juu ya bamba pembe hadi pembe, akakwangua kwa bisibisi pale ilipokuwa sloti ya tano. Hapakufunguka hata ufa.

"Acha kuhangaika," yule aliyeketi mlangoni alimwambia taratibu. "Nipikie wali."

Ndani ya bamba, mtoto wake alianza kugonga.